UZI: Moto wa gesi kwenye meko ya sebuleni – dohani kwanza, mtungi baadaye

#1 DohaniKwanza

Wakuu, salaam. Baridi ya Juni hadi Agosti ikishaingia Limuru, Nyahururu, Njombe, Mufindi na Lushoto, maswali ya kubadili meko ya kuni iwe ya gesi huwa mengi, na majibu mengi huanzia kwenye mtungi na jeti, yaani kile kidude chenye tundu dogo la kupitishia gesi. Huo ni mwisho wa kazi. Kazi inaanzia juu ya paa.

Moto wa gesi una hatari mbili. Gesi inaweza kuvuja kabla haijaungua. Hiyo imetiwa dawa ya kunuka, kwa hiyo pua inakuonya. Hatari ya pili ni hewa chafu inayotokana na kuungua kurudi sebuleni badala ya kupanda. Ndani yake kunaweza kuwa na kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huing'ang'ania damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Watu wanaumwa kichwa, wanapata kizunguzungu na kichefuchefu, wanadhani malaria inaanza, wanajifunika blanketi na kulala palepale. Homa haipo, na ukitoka nje unapata nafuu. Dalili hizo mbili zishikeni sana.

Sokoni kuna aina nne. Ya kwanza ni moto wa mapambo: trei, bana (kichomeo gesi inapowakia) na magogo ya kauri, wazi kabisa. Unapendeza, lakini joto lake kubwa linapanda na dohani. Mashine ya kilowati 7 ikikupa kilowati 1.4 za joto chumbani shukuru. Ya pili ni ya kuchomekwa, yaani kisanduku cha chuma kinachokaa ndani ya meko na kutoa hewa chafu kwenye dohani au bomba la milimita 125. Ya tatu ina kioo kilichofungwa kabisa na bomba mbili, moja ndani ya jingine, zinazopita ukutani: moja inavuta hewa ya nje, jingine linatoa hewa chafu. Ya nne inauzwa kwa maneno "haihitaji dohani". Tutaifikia, na sitaisifu.

Ukichagua mojawapo ya mbili za kwanza, fanya haya kabla fundi wa gesi hajaletwa.

Dohani ipigwe brashi kutoka juu hadi chini hata kama haijawashwa kuni miaka mingi. Dohani iliyolala ndiyo inayojengwa na ndege na nyuki. Sega moja likishuka na kukaa kwenye koo, njia imefungwa. Masizi nayo yataendelea kudondokea bana na kuziba matundu.

Kile kibati cha kufungia koo la dohani king'olewe, au kikazwe kwa boliti kikiwa wazi moja kwa moja. Kwenye moto wa kuni ukikisahau, moshi utakufukuza mwenyewe. Kwenye gesi hakuna moshi wa kukufukuza.

Kama meko ina shimo la majivu sakafuni, lizibe kwa zege. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propeni kama mara moja na nusu, buteni kama mara mbili. Uvujaji mdogo utatulia humo shimoni ukingoja cheche.

Halafu jaribio la moshi. Pasha dohani kama dakika 10 kwa hita ya umeme ili hewa ianze kupanda, weka kidonge cha moshi ndani ya meko, kisha ziba mdomo wake kwa ubao ukiacha upenyo mwembamba chini. Mtu mmoja asimame nje aangalie paa. Mwingine azunguke darini, vyumba vya juu na chumba cha nyuma ya ukuta wa dohani. Moshi utoke juu tu. Ukionekana darini, tofali zimeachia. Hapo dohani haitumiki mpaka bomba la chuma cha pua lishushwe ndani yake, milimita 175 au zaidi kwa moto wa mapambo, au 125 kwa ule wa kuchomekwa ikiwa kitabu chake kinakubali.

#2 MamaTigoni

Asante DohaniKwanza, umeeleweka. Nina swali la vipimo. Meko ina upana wa sentimita 90 na kimo 70. Dohani ina bomba la udongo la milimita 225, limepigwa brashi na jaribio la moshi limepita. Ukiwasha kuni, moshi unarudi kidogo juu ya linta. Gesi nayo itarudi?

#3 DohaniKwanza

Itarudi, dada, na hutaiona. Ulichokieleza ndicho kipimo kizuri kuliko vyote: dohani inayoshindwa na moshi wa kuni haijapona kwa kubadilishiwa mafuta.

Hesabu iko hivi. Eneo la tundu la dohani liwe angalau asilimia 15 ya eneo la mdomo wa meko. Bomba la milimita 225 lina sentimita za mraba 398 hivi. Gawa kwa 0.15, unapata mdomo usiozidi sentimita za mraba 2,650, mfano 48 kwa 55. Wako ni 90 kwa 70, yaani 6,300. Ni zaidi ya mara mbili.

Njia tatu. Punguza mdomo: shusha kofia ya bati nene chini ya linta na jenga pembeni kwa tofali za moto. Au chukua mashine ya kuchomekwa, ambayo bamba lake hufunga mdomo wote na kuacha tundu la mashine tu. Au nenda kwenye yenye kioo na bomba mbili, uiache dohani ya zamani ipumzike. Kwa meko pana kama hiyo mimi ningependekeza ya pili.

Ukienda na ya kuchomekwa kwenye dohani ya tofali isiyo na bomba ndani, bamba lile lizibwe pande zote nne kwa utepe unaostahimili joto, na nyuma ya mashine, chini ya mdomo wake wa kutolea, ibaki nafasi ya kupokea takataka zinazodondoka: kina cha milimita 250 na ujazo wa lita 12 angalau. Mafundi wengi hujaza hapo kwa saruji ili mashine "ikae imara". Baada ya misimu kadhaa chokaa na masizi vinafika kwenye mdomo wa kutolea na kuuziba.

#4 Koki_Kuu

Naongezea upande wa gesi, kwa sababu kuna mashine nyingi za mtumba kutoka Uingereza zinazouzwa Nairobi na Dar zikiwa bado na jeti za huko.

Kabla ya kulipa, tafuta bamba la taarifa, mara nyingi liko kwenye mnyororo mdogo au nyuma ya kifuniko cha chini. Likiandika G20 na milibari 20 (kipimo cha shinikizo), hiyo ni ya gesi asilia ya bomba la mtaani. G30 ni buteni, G31 ni propeni. Kwa gesi ya mtungi unataka bamba linalotaja G30 au G31 au zote mbili, pamoja na shinikizo lake. Regyuleta nyingi za mitungi ya nyumbani zimeandikwa milibari 28 hadi 30, za propeni 37. Soma mwilini mwa regyuleta, halafu soma bamba la mashine. Viwili hivyo vikubaliane.

Ukiunga mashine ya G20 kwenye mtungi, jeti yake kubwa itapitisha nishati karibu mara mbili ya ile iliyokusudiwa. Sababu ni mbili zinazokutana: shinikizo ni kubwa zaidi, na kila lita ya gesi ya mtungi imebeba nishati kama mara mbili na nusu ya gesi asilia. Hewa inayohitajika nayo inapanda hivyohivyo, na mashine haina pa kuipata. Moto unakuwa mrefu, wa njano, unalamba magogo, masizi yanaota, na kaboni monoksaidi inazaliwa.

#5 NjombeBaridi

Mkuu Koki_Kuu, fundi wetu anasema atabadilisha jeti ya bana tu. Mashine yetu ni ya G20, na anazo jeti ndogo za jiko la kupikia. Inatosha?

#6 Koki_Kuu

Haitoshi, ndugu, na hizo jeti za jiko asiziguse.

Kubadili mashine kutoka gesi asilia kwenda ya mtungi ni seti nzima: jeti ya bana, jeti ya moto mdogo wa kuwashia, spring au kizuizi cha shinikizo ndani ya valvu, na kwenye mashine nyingi bana yenyewe yenye matundu ya hewa tofauti. Kama ina kihisio cha oksijeni, ule moto mdogo umepimwa kwa gesi moja tu na haubadilishiki kwa kutoboa. Mtengenezaji akiwa anauza seti hiyo kwa namba ya mashine yako, inunue na bamba jipya la taarifa libandikwe. Kama hauzi, mashine hiyo si ya kwako. Mashine nyingi haziruhusiwi kubadilishwa kabisa, kitabu chake kitasema.

Kutanua au kuziba jeti kwa mkono, kwa sindano, kwa risasi ya kulehemu, yote hayo yaachwe. Tofauti ya sehemu ndogo ya milimita kwenye kipenyo inabadilisha moto wote, kwa sababu kinachohesabika ni eneo la tundu.

Na kwa sababu uko Njombe, kuna jambo la mwinuko. Uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, dohani inavuta kidogo kuliko pwani, na kila pumzi ya hewa ina oksijeni chache. Kanuni inayotumika Amerika ya Kaskazini ni kupunguza nguvu ya mashine kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 hivi, kuhesabu kutoka usawa wa bahari, mara tu unapopita mita 600. Njombe inatoka kama asilimia 26, Limuru kwenye mita 2,200 kama 29, Lushoto kwenye 1,400 kama 18. Mashine iliyoandikwa kilowati 7 Limuru ihesabu kama 5. Mwulize muuzaji jeti ya mwinuko wako kwa maandishi. Akikujibu "zote ni sawa", hajui anachouza.

#7 Mfuabati

Salaam wadau. Nitazungumzia mabomba.

Mtungi ukae nje. Usimame wima juu ya saruji iliyoinuka, penye upepo na kivuli, angalau mita 1 kutoka mlangoni au dirishani, mita 2 kutoka mtaro wazi au mfuniko wa chemba isiyo na mtego wa maji. Kizimba cha chuma chenye matundu chini ni sawa. Kabati la mbao lililofungwa ni kosa, kwa sababu gesi hutuama humo. Kuuweka mtungi ndani ya meko yenyewe au pembeni yake nyuma ya pazia kumeonekana mno. Kuacheni.

Kutoka regyuleta hadi sebuleni tumia shaba ya milimita 15. Kwa mashine ya kilowati 7 na umbali wa mita 10 ina nafasi ya kutosha, mwishoni unashuka hadi 8 au 10 kulingana na mashine. Mpira wa rangi ya machungwa ni wa jiko la kupikia, haupiti ukutani wala hauingii ndani ya meko. Bomba linapopita ukutani liwe ndani ya kifuko cha bomba kubwa zaidi, bila kiungo chochote humo, kifuko kizibwe upande wa ndani na kuachwa wazi upande wa nje ili gesi ikivuja itoke nje. Kipande kinachoingia ndani ya meko kivishwe plastiki ya kiwandani au utepe wa kuzuia kutu, maana masizi yakipata unyevu hula shaba. Watu wanalipitisha bomba tupu juu ya majivu ya zamani, halafu wanashangaa linatoboka.

Kwenye viungo vya nyuzi zungushia ule utepe mzito wa gesi. Ule mwembamba mweupe wa mabomba ya maji uache dukani. Viungo vya kubana usivipake chochote. Koki ya kufungia iwe mahali mkono unapofika bila kuingia kwenye moto, na ndani ya hatua mbili za mashine.

Jaribio la uvujaji: manomita ya maji, kile kipima shinikizo cha mpira wenye umbo la U. Milibari 30 ni kama milimita 306 za maji. Fungulia mtungi, jaza mfumo, funga valvu ya mtungi. Kisha achia gesi kidogo sana ili shinikizo lishuke chini ya kiwango regyuleta inapojifunga, la sivyo regyuleta inaweza kuendelea kulisha bomba na kukuficha uvujaji. Ngoja dakika 5 joto litulie, halafu angalia kwa dakika 2. Maji yasisogee. Yakisogea, hakuna kuwasha.

Povu la sabuni linakuja baada ya manomita, kwa ajili ya kutafuta mahali penyewe, na kwa upande wa mtungi hadi regyuleta ambao manomita haiufikii. Ukimaliza futa kwa maji safi, sabuni nyingi za vyombo hula shaba nyeupe. Kiberiti kwa ajili ya kutafuta uvujaji sitaki hata kukitaja zaidi ya hapa.

Mwisho pima shinikizo kwenye mashine yenyewe ikiwa inawaka kwa nguvu zote, na jiko la jikoni likiwa limewashwa pia kama vinatumia mtungi mmoja. Lisishuke zaidi ya milibari 2.5 ukilinganisha na pale kwenye regyuleta. Likishuka zaidi, bomba ni jembamba au lina kona nyingi.

#8 MamaTigoni

Mfuabati, mtungi wa kilo 13 mmoja unatosha? Nasikia moto hufifia usiku wa manane hata gesi ikiwa bado imo.

#9 Mfuabati

Kilo moja ya gesi ya mtungi inakupa kama kilowati-saa 12.8. Kilowati 7 ni zaidi kidogo ya nusu kilo kwa saa. Mtungi wa kilo 13 unakwenda saa 24 hivi, yaani jioni 6 za saa nne nne. Wa kilo 15 wa Tanzania unafika jioni 7.

Kufifia ni jambo jingine. Gesi ndani ya mtungi ni majimaji na inageuka hewa kwa kunyonya joto la chuma cha mtungi. Ukichota nusu kilo kila saa kwenye usiku wa nyuzi 9 au 10, chuma kinapoa, jasho linaganda nje, shinikizo linashuka. Juu ya hapo, mtungi ni mchanganyiko. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, buteni karibu na sifuri kabisa. Propeni inatangulia kuondoka, na robo ya mwisho ya mtungi inabaki karibu buteni tupu, ambayo kwenye baridi haina nguvu.

Dawa ni mitungi miwili inayolisha pamoja kupitia regyuleta moja, kila mmoja unachotwa nusu. Hakuna kuufunika mtungi blanketi, kuumwagia maji ya moto, wala kuulaza. Ukiulaza, majimaji yanaingia kwenye regyuleta na moto wa sebuleni utaruka ghafla.

#10 LushotoJuu

Wakuu, mimi naona mnazungukia gharama. Kuna hizi hita za kuweka ndani ya meko zisizohitaji dohani, zina kihisio cha oksijeni kinachozima kila kitu hewa ikipungua. Dohani inazibwa na joto lote linabaki ndani. Tatizo liko wapi?

#11 DohaniKwanza

Ndugu LushotoJuu, swali ni halali na muuzaji atakuambia hivyohivyo. Chukua kalamu.

Kilo moja ya propeni ikiungua vizuri kabisa, bila kasoro, inatoa kilo 3 za kaboni dayoksaidi na kilo 1.6 za maji. Hita ndogo ya kilowati 3.5 inachoma gramu 270 kwa saa. Kwa jioni ya saa nne, umemwaga hewani humo humo sebuleni zaidi ya lita moja na nusu ya maji. Yanaenda kuganda kwenye kioo, kwenye kona za dari, nyuma ya kabati. Ukungu mweusi unaoonekana Agosti hapo ndipo unapotoka. Hiyo ni mashine nzima na safi. Yenye vumbi kwenye bana inakuongezea kaboni monoksaidi.

Kihisio cha oksijeni ni kizuri, lakini kinapima oksijeni tu. Hakipimi kaboni monoksaidi. Bana ikichafuka katika chumba chenye hewa ya kutosha, kihisio kitaendelea kuridhika. Na juu milimani kuna tatizo la kinyume: vitabu vya nyingi ya mashine hizo vinaweka mpaka karibu mita 1,370. Kupita hapo moto mdogo hucheza na kujizima wenyewe hata hewa ikiwa safi. Lushoto umeshafika mpakani. Limuru na Njombe umeupita mbali. Kinachofuata ni fundi kuja "kurekebisha" kwa kukiruka kihisio, na hapo umebaki na moto wa wazi usio na dohani wala mlinzi.

Usizibe dohani nzima kwa ajili ya mashine hiyo. Fedha hiyo iongezee kidogo upate yenye kioo na bomba mbili.

#12 Koki_Kuu

Naunga mkono #11. Na jamani, wavu wa mbu.

Moto wa mapambo wa zaidi ya kilowati 7 na usiozidi 20 unahitaji tundu la hewa la kudumu la sentimita za mraba 100 zilizo wazi kweli. Tundu la sentimita 10 kwa 10 likiwekwa wavu wa mbu haliwi tena 100. Nyuzi zenyewe zinakula sehemu kubwa, vumbi na mabawa ya kumbikumbi yanamaliza iliyobaki. Tumia kifuniko chenye matundu ya milimita 5 hadi 10, kisichofungika kwa mkono. Mbu washughulikiwe kwa chandarua. Kama mashine inatumia mtungi, tundu jingine karibu na sakafu linasaidia gesi nzito kutoka.

Mashine ya chini ya kilowati 7 mara nyingi haidai tundu, lakini hiyo inahesabu kwamba nyumba ina mianya ya kawaida. Nyumba mpya ya madirisha ya alumini yenye mpira imefungwa kama chupa. Weka tundu.

#13 NjombeBaridi

Tukishafunga kila kitu, tunajuaje kwa uhakika kwamba hewa chafu inapanda? Na alamu ikae wapi? Dukani wananiambia karibu na sakafu.

#14 DohaniKwanza

Jaribio hili lifanywe mbele yako, na usilipe kabla hujaliona.

Funga milango na madirisha yote ya chumba. Washa moto kwa nguvu zote, subiri dakika 5. Chukua kijiti cha udi kinachotoa moshi, kipitishe taratibu kwenye ukingo wa juu wa mdomo wa meko, ndani kidogo, kutoka kona hadi kona. Moshi uvutwe ndani na kupotea juu. Kona mbili za juu ndizo zinazofeli kwanza, kwa hiyo usiishie katikati. Moshi ukisita au kurudi chumbani, subiri dakika 10 dohani ipate moto, rudia. Ukirudi tena, zima na koki ifungwe.

Ukipita, rudia mara ya pili feni ya kutolea moshi jikoni ikiwa imewashwa mwisho na milango ya kati ikiwa wazi. Feni kali ya jikoni ina uwezo wa kuishinda dohani na kuivuta kinyume. Vivyo hivyo feni ya dari ya sebuleni. Nyumba nyingi zinafaulu jaribio la kwanza na kufeli hili. Rudia pia siku ya upepo, hasa kama kuna mti mrefu au ghorofa jirani. Mdomo wa dohani uwe angalau milimita 600 juu ya mgongo wa paa.

Kuhusu alamu, dukani wamechanganya vifaa viwili. Alamu ya gesi ya mtungi inakaa chini, sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni, kwa sababu gesi hiyo inashuka. Alamu ya kaboni monoksaidi inakaa juu: ukutani, juu ya usawa wa milango na madirisha, lakini angalau milimita 150 chini ya dari, au darini penyewe angalau milimita 300 kutoka ukutani. Umbali kutoka kwenye meko uwe mita 1 hadi 3. Nunua iliyoandikwa EN 50291, kiwango cha Ulaya cha alamu hizo. Alamu hiyo inalia ndani ya dakika 3 kaboni monoksaidi hewani ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kwa sehemu 50 inasubiri saa moja hadi moja na nusu. Kwa hiyo kimya chake cha dakika ishirini hakimaanishi kwamba dohani imefaulu. Angalia tarehe ya kuisha pembeni yake, kihisio kina umri.

#15 MdauLeicester

Kwa ndugu walioko huku Uingereza wanaosoma uzi huu: vipimo vingi hapo juu vinafanana na vya huku, lakini kazi yenyewe usiishike. Kwa sheria anayefunga moto wa gesi kwa kazi lazima awe kwenye Gas Safe Register, orodha rasmi ya mafundi wa gesi iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, CORGI, tarehe 1 Aprili 2009. Mwambie akuonyeshe kadi, igeuze nyuma usome aina za kazi alizoidhinishwa. Mtu anaweza kuwa na kibali cha boila na asiwe na cha moto wa mekoni, na mwenye kibali cha gesi asilia anaweza asiwe na cha gesi ya mtungi. Kama wewe ni mpangaji, mwenye nyumba anawajibika kukagua vifaa vya gesi na dohani kila miezi 12 na kukupa nakala ya cheti. Idai.

#16 LushotoJuu

DohaniKwanza, nimekuelewa kuhusu zile zisizo na dohani, nimeachana nazo. Sasa swali la magogo: naruhusiwa kuongeza mawe ya mtoni na makoni ya misindano juu ya magogo ya kauri ili pafanane na moto halisi?

#17 Koki_Kuu

Hapana, hata kipande kimoja. Kila gogo la kauri lina mahali pake kwenye kitabu, mara nyingi na namba chini yake. Mwali ukigonga kitu baridi kabla haujamaliza kuungua, unakatika katikati. Matokeo ni masizi na kaboni monoksaidi. Mawe ya mtoni yana maji ndani ya nyufa zake, yakipata moto hupasuka na kurusha vipande hadi kwenye kochi. Makoni yanaungua na majivu yake yanaingia kwenye bana.

Piga picha ya mpangilio siku ya kufunga, ibandike ndani ya kitabu. Anayesafisha nyumba akihamisha gogo moja, utajua.

Sakafu ya mbele ya meko iwe ya kitu kisichoungua, unene wa milimita 12 au zaidi, itokeze milimita 300 mbele na 150 kila upande, na ukingo ulioinuka milimita 50 ili zulia lisisogezwe juu yake.

#18 NjombeBaridi

Mashine imefungwa kama mlivyoelekeza, ya kuchomekwa, G30, seti ya mwinuko, udi umevutwa vizuri na feni ikiwa imewashwa. Shida iliyobaki: moto mdogo unawaka ukiwa umebonyeza kitufe, ukiachia unazima. Fundi anasema atoe themokapo aunge moja kwa moja.

#19 Koki_Kuu

Mzuie. Themokapo ndiyo inayofunga gesi moto ukizimika wenyewe usiku. Ikirukwa, gesi itamwagika chumbani hadi asubuhi.

Fuata mpangilio huu. Bonyeza na ushikilie sekunde 20 hadi 30 kamili, wengi huachia mapema. Angalia rangi ya moto mdogo: uwe wa buluu na uifunike ncha ya themokapo kama milimita 10. Ukiwa wa njano na mlegevu, tundu lake la hewa limezibwa na vumbi au utando wa buibui, na hilo hutokea hata kwenye mashine iliyokaa ghalani tu. Puliza kwa pampu ya hewa, usichokoe kwa sindano. Kisha kagua nati ya themokapo inapoingia kwenye valvu: ikaze kwa vidole, halafu robo ya mzunguko kwa spana. Iliyolegea haipitishi umeme, iliyokazwa mno imepondeka.

Bado inazima? Ichomoe kwenye valvu, pasha ncha kwa moto wake wenyewe huku umebonyeza, pima kwa mita ya umeme. Inayofaa hutoa milivoti 20 hadi 30. Ikitoa 5 au 6, nunua nyingine ya urefu na nati ileile. Ikitoa 25 na bado inazima, sumaku ya ndani ya valvu imekufa na valvu nzima inabadilishwa.

#20 NjombeBaridi

Ilikuwa utando wa buibui kwenye tundu la hewa. Umepulizwa, moto wa buluu, kitufe kinashika baada ya sekunde 15. Asanteni sana wakuu. Huduma ya kila mwaka inahusisha nini, na ifanywe lini?

#21 DohaniKwanza

Aprili au Mei, kabla ya baridi, ili vipuri vikikosekana una muda wa kuviagiza. Mashine ishushwe itoke kabisa kwenye meko. Nafasi ya takataka nyuma yake izolewe na uangalie kilichodondoka: vipande vya chokaa vikizidi gao moja, dohani inamomonyoka na ipigwe jaribio la moshi upya. Bana isafishwe kwa brashi laini, utepe wa bamba ubadilishwe mpya kwa sababu ule uliobanduliwa haushiki tena, magogo yapangwe kwa picha, manomita, halafu udi kwenye kona mbili. Mdomo wa dohani juu uangaliwe nyuki. Kofia ya wavu mpana wa chuma inazuia ndege, lakini nyuki inabidi uwakague kwa macho kila mwaka.